Shali za Lambwe na Tuta la Zambarau

Uzi mwekundu msiuamini. Nawaambia hilo kabla ya kuwaambia jina langu, kwa sababu jina mtalisahau, lakini uzi mwekundu mtakutana nao mpaka mzeeke.

Jina ni Konsolata. Nimezaliwa Homa Bay, nikaolewa Migori, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa mfumaji. Nilianza na sweta za shule, nikaja kwenye kofia za watoto wachanga, mwisho nikafika kwenye shali za rangi nyingi, na hapo ndipo watu walipoanza kunijua. Sasa dole gumba la mkono wa kulia limegoma. Daktari ameupa ugonjwa wake jina refu. Mimi nasema limestaafu kabla yangu. Ninyi vijana mnakuja hapa kwangu na sindano mpya na simu zenye video za wafumaji wa ng'ambo, mnaniita Dani, yaani nyanya, na mnataka niwafundishe pembe ya shali isiyojikunja. Nitawafundisha. Lakini kwanza kaeni niwaambie jinsi kazi hii ilivyonifanya mtu wa kushuku kila kitu, na jinsi kushuku kulivyonisaidia siku nyingi na kuniaibisha siku moja.

Kina mama wa kwaya moja ya Homa Bay waliniagiza shali ishirini, nyekundu na nyeupe, za kuvaa juu ya magauni meupe siku ya sherehe ya parokia. Mwenye duka aliyeniuzia uzi aliapa kwa jina la mama yake kwamba rangi haitoki. Nilimwamini kwa sababu alikuwa mzee na alikuwa na rozari shingoni. Siku yenyewe maandamano yakatoka barabarani, na mvua ya kutoka ziwani ikawakuta katikati ya wimbo wa pili. Walipofika altareni, wale kina mama ishirini walikuwa kama wametoka kuchinja ng'ombe. Padri aliwatazama mpaka akasahau neno la kwanza la misa. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, na sikungoja komunyo.

Basi jifunzeni kwa aibu yangu. Kata kipande cha uzi, kiloweshe kwa maji moto, kikunje ndani ya kitambaa cheupe, ukikalie huku unakunywa chai. Ukiinuka, kitambaa kitakuambia ukweli ambao mwenye duka hakuusema. Choma ncha ya uzi kwa kiberiti: sufu halisi inanuka kama nywele zilizoungua na inaacha majivu, ile ya kiwandani inayeyuka ikawa kidonge kigumu. Zote mbili zinafumika, lakini ujue unachouziwa. Soma namba kwenye karatasi ya kila donge la uzi. Kijani mbili zinazofanana dukani, kama namba zao ni tofauti, zitagombana juani mgongoni mwa mtu. Tena ingiza kidole katikati ya donge utafute vifundo, maana wako wauzaji wanaounga mabaki na kuyafunga upya yaonekane mazima.

Mwaka mmoja nilirudisha madonge kumi na moja kwa mwenye duka yuleyule. Alisema, "Mama, wewe hata malaika ungemwomba kitambulisho." Nikamwambia, "Na ningeangalia kama picha ni yake."

Mshono wenyewe ni rahisi kuliko yote, na ndiyo sababu wengi wanaudharau. Unafuma mstari, unageuza, unafuma vilevile, unageuza tena. Mistari miwili inazaa tuta moja, na matuta yanapangana mbele na nyuma kama shamba la viazi vitamu. Kingo hazijikunji. Nguo inavutika na kurudi, inashika joto. Kitanzi cha kwanza cha kila mstari usikifume. Kihamishe tu kwenye sindano ya pili, na ukingo wako utakuwa safi kama mnyororo. Unapoanza, legeza mkono. Mtu mwenye hasira anaanzisha vitanzi vilivyokaza, na shali yake inakaa kama mdomo uliofinywa. Rangi mpya iingie upande uleule kila mara, la sivyo utapata vidoa vya rangi ya chini mahali ambapo hukuvitaka.

Kwa sababu mshono ni mmoja, kazi yote iko kwenye rangi na kwenye umbo. Mimi nilichora kwanza kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Mraba mmoja, tuta moja. Nilipaka kwa penseli za watoto. Daftari hilo nililiweka ndani ya sufuria yenye mfuniko, juu ya kabati, na nikaweka unyoya wa kuku juu ya mfuniko ili nijue kama limeguswa. Mnacheka. Nilikuwa hivyo.

Sasa nifike kwa Risper.

Risper alikuwa mjane wa rika langu, mzaliwa wa bonde la Lambwe, ndiyo maana tulimwita Nyar Lambwe, binti wa Lambwe. Siku ya kwanza alikuja kwenye chumba changu cha kazi, nyuma ya soko la Migori, kununua uzi wa kiasi kidogo. Nilikuwa namalizia sweta. Alisimama, akaitazama, akasema, "Mama, hii mikono miwili yote ni ya kushoto." Nikabisha. Akaichukua, akaivaa, akasimama mbele yangu mkono mmoja ukitazama mbele na mwingine ukitazama Tanzania. Tulicheka mpaka mteja akaingia akadhani tumelewa. Wiki iliyofuata alikuja na sindano zake, na akakaa miaka tisa.

Mimi ni Mkatoliki, yeye Msabato. Kwa hiyo Jumamosi alikuwa kanisani na mimi nililinda mlango. Jumapili nilikuwa kanisani na yeye akalinda. Watu walitusifu kwamba hatufungi hata siku moja. Kumbukeni hiyo Jumapili, kwa sababu baadaye ndiyo niliyoitumia kumhukumu.

Ni yeye aliyenipa rangi za shali tuliyoiita ya Lambwe. Alinieleza nyumbani kwao baada ya mvua ya kwanza: nyasi zinavyoanza kijani chini huku juu zikiwa bado za rangi ya simba, mawe ya kijivu, udongo mweusi, na kule mwisho samawati ya vilima. Nilichora vipande vya pembe, kila kimoja kikianza kipana na kupungua vitanzi viwili katikati mpaka kinabaki kimoja, kisha kingine kinaota ubavuni mwake. Ukiitandaza kitandani unaona bonde. Tuliiuza haraka kuliko kitu chochote nilichowahi kufuma.

Halafu akaja mama mmoja kutoka Kisumu, mwenye duka la nguo. Tulimwita Madam. Alinukia vizuri, alisalimia kwa mikono miwili, alisifu kila kitu. Aliagiza shali thelathini za Lambwe. "Lakini nataka mchoro ambao hauko mahali pengine popote," alisema. "Wateja wangu hawapendi kukutana na nguo yao kwa mwenzao." Nikamwahidi. Nikateremsha sufuria, nikamtolea daftari, nikampisha kiti changu. Akapiga picha kila ukurasa kwa simu yake, ili akumbuke, alisema, na mimi nikamshikia kurasa zisifunguke na upepo.

Tulikuwa tumefuma kama tisa hivi wakati Omollo, mwenye bucha jirani, aliporudi kutoka Ogwedhi. Ogwedhi ni soko la mifugo kule mpakani na Narok, na yeye huenda huko kununua mbuzi. Aliingia akitabasamu.

"Mama Konso, nimemnunulia mama watoto shali yako. Lakini mbona umeanza kuuza Ogwedhi bila kuniambia mimi jirani?"

Alifungua mfuko. Ilikuwa shali ya Lambwe. Kijani, rangi ya simba, kijivu, nyeusi, samawati. Uzi haukuwa wetu, ulikuwa wa bei ya chini, lakini vipande vilikuwa vyetu, hesabu ilikuwa yetu. Nilihesabu matuta mara mbili pale pale, mbele yake.

"Hii siyo yangu," nikasema.

"Basi ni ya nani?"

Nilimtazama Risper. Alikuwa anatazama dirishani.

Wajukuu zangu, moyo ukishaanza kazi hiyo hauhitaji msaada. Nilianza kuona vitu. Risper alikuwa na simu mpya. Ikilia, alitoka nje na kuongea karibu na choo, akiupa ukuta uso. Mara mbili kwa mwezi aliomba ruhusa, na siku hizo zilikuwa siku za soko la Ogwedhi. Viatu vyake vilirudi na vumbi la huko. Nikimuuliza alikokuwa, anasema, "Mahali tu." Na Jumapili zote alikuwa peke yake na sufuria yangu. Unyoya wa kuku nilikuwa nimeukuta sakafuni zaidi ya mara moja. Kwamba kulikuwa na dirisha na upepo sikutaka kukumbuka.

Kwa hiyo nikatega. Nilifuma shali moja ya Lambwe nikaitilia kitu ambacho mtu mwenye akili hawezi kukitia: kwenye kipande cha pili, katikati ya kijivu, tuta moja la zambarau. Moja tu. Lilikaa pale kama mgeni asiyealikwa. Sikumwonyesha mtu isipokuwa Risper.

"Hii zambarau inafanya nini hapa?" aliuliza.

"Nimeipenda tu."

Aliigeuza, akaipapasa. "Hata mimi nimeanza kuipenda. Niuzie. Kuna mama mzee nataka kumpa."

"Mama gani?"

"Mama tu, Konso. Utamjua baadaye."

Nilimuuzia kwa furaha kubwa. Nilijiona mwindaji. Na Omollo nikamwambia, "Ukienda Ogwedhi tena, ukiona shali yangu, niletee."

Haikuchukua muda. Siku aliyoniletea ilikuwa siku ya soko Migori, na chumba kilikuwa kimejaa: kina mama wanne waliokuja kupimisha sweta za shule, mwuza mboga aliyeweka kikapu chake mlangoni, Omollo mwenyewe. Nilifungua ule mfuko. Tuta la zambarau lilikuwa pale, mahali palepale, kwenye uzi usio wetu.

Mtu mwenye busara angengoja watu watoke. Mimi nilikuwa nimengoja wiki nyingi, sikuweza kungoja dakika nyingine.

"Risper, hii shali unaijua?"

Aliinua macho. "Si ni ile uliyoniuzia?"

"Tazama vizuri. Hii imetoka Ogwedhi. Imefumwa na mtu mwingine. Na tuta hili tulikuwa tunalijua mimi na wewe, watu wawili tu."

"Konso, unasema nini?"

"Nasema unatuuza. Unachukua michoro yangu unapeleka kule unakokwenda kwa siri. Kama si hivyo, waambie hawa watu unakwenda wapi."

Mwuza mboga alichukua kikapu chake kama mtu aliyeona nyoka, lakini hakuondoka. Risper hakulia wala hakupiga kelele. Alikuwa katikati ya mstari, na aliumaliza, kitanzi baada ya kitanzi, mpaka mwisho. Kisha akachomeka sindano kwenye donge la uzi.

"Miaka tisa tumekaa hapa," alisema. "Umeniuliza bei ya nyanya. Umeniuliza kama kumenyesha Lambwe. Hili hukuniuliza. Umenitegea kama panya."

Akatoka. Hakuchukua hata mwavuli wake. Wale kina mama wakaniangalia, na mmoja akasema sweta ya mtoto wake atakuja kupimisha siku nyingine.

Sitawadanganya: wiki ya kwanza nilijisikia mshindi. Wiki ya pili dole gumba likaanza kuvimba kwa sababu nilikuwa nafanya kazi ya mikono minne. Wiki ya tatu Madam akapiga simu. Amesikia, alisema, kwamba shali za Lambwe zinauzwa sokoni Ogwedhi kama vitunguu. Hazitaki tena. Nilimweleza kwamba mwizi nimeshamfukuza. Akasema, "Pole sana, mama," kwa ile sauti yake nzuri, akakata.

Hasira zote nikazielekeza kwa yule mfumaji wa Ogwedhi. Nilitaka kumwona uso. Nilitaka aniambie kwa mdomo wake alichompa Risper. Nikapanda gari na Omollo siku ya soko.

Shali zilikuwa zimetundikwa kwenye ua wa kuzuilia ng'ombe, na chini yake alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, Mkuria, mnene, mcheshi, anafuma bila kutazama mikono. Jina lake lilikuwa Boke. Sikujitambulisha. Nilishika shali nikaitazama kwa jicho langu la kutafuta makosa, na nikakosa. Mbaya zaidi, pembe zake zilikuwa zimelala tambarare. Zangu siku zote zilijiinua kidogo. Yeye alikuwa akipunguza vitanzi vitatu kuwa kimoja kwa pamoja, cha katikati kikikaa juu, badala ya kupunguza kimoja huku na kimoja kule kama mimi. Hiyo ndiyo pembe mnayokuja kunidai, na sasa mnajua ilikotoka.

"Mchoro huu ulipewa na nani?" nikamuuliza.

"Kupewa?" Alicheka. "Nani atanipa? Nimeusoma."

"Umeusoma wapi?"

"Mgongoni mwa mtu. Kuna mama wa Kijaluo anakuja hapa siku za soko, amevaa shali nzuri. Siku ya kwanza nilimfuata kutoka kwa mbuzi mpaka kwa ng'ombe, nahesabu. Alidhani nataka kumwibia mkoba." Akainua kazi yake anionyeshe. "Mshono huu si unaonekana wote? Tuta ni tuta. Huku na huku ni sawa. Mtu akikaa mbele yako kanisani, mahubiri yakiisha umemaliza kumhesabu."

Mimi mwenyewe nilijifunza hivyohivyo. Kule Muhuru Bay, nikiwa msichana nimetumwa kwa shangazi anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, kulikuwa na mama aliyeitwa Sabina. Alifuma kwa spoku za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe, akiwa amekaa kando ya nyavu omena zikikauka, na kazi zake zote zilinuka samaki. Alinifundisha kushika sindano, lakini jinsi ya kugeuza rangi bila kukata uzi alikataa katakata. "Hiyo ni ya kunilisha mimi," alisema. Basi nikawa nakaa nyuma yake kanisani kila Jumapili, nasoma shali mgongoni mwake. Mwezi wa pili nilikuwa nimeijua. Alipoona kazi yangu hakuongea nami mpaka niliporudi Homa Bay, na mimi nilimwona mwanamke mchoyo. Kumbukumbu hiyo niliikuta pale kwenye ua wa ng'ombe, na haikuwa tamu.

"Na hii zambarau?" niliuliza. Sauti yangu ilikuwa imeanguka.

"Hiyo niliiona kwa mama yake Chacha. Chacha ni mwuza ng'ombe, anakaa hapo juu. Mkewe alifariki zamani. Yule mama mwenye shali ni mchumba wake, ndiye alimletea mama mkwe wake zawadi. Mimi nilidhani zambarau ni mtindo mpya wa Migori!" Akasogea, akapunguza sauti, ingawa karibu yetu walikuwepo ng'ombe tu. "Lakini usimwambie mtu. Shemeji zake kule kwenu bado hawajaambiwa. Mjane wao kuolewa na Mkuria, si unajua watakavyosema? Wanangoja wazee waongee kwanza. Yule mama anapigiwa simu anajificha kama msichana wa shule."

Nikakaa chini. Hapo kwenye vumbi, na gauni langu zuri. Boke alinipa maji, akauliza kama ni joto. Nikamwambia ni joto.

Nilinunua shali yake moja. Tulipoagana nilimwambia mimi ni nani. Alishika mdomo kwa mikono yote miwili, akafikiri nimekuja kumshtaki. Nikamwambia hapana, nimekuja kujifunza pembe, na kufikia wakati huo ilikuwa karibu kweli.

Kuhusu Madam nitasema haraka, maana bado inaniuma kama jino. Miezi michache baadaye mpwa wangu alikuja kunitembelea amevaa shali ya Lambwe iliyofumwa na mashine, laini, nyepesi, yenye kibandiko cha duka la Madam. Kijani palepale, samawati palepale. Hata kosa nililokuwa nimelichora ukurasa wa sita, kijivu kilichozidi tuta moja, mashine ilikuwa imelifuma kwa uaminifu. Yeye sikuwahi kumshuku hata siku moja. Alinukia vizuri mno.

Turudi kwa Risper. Alikuwa amekwenda kwa kaka yake Lambwe. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi. Alinisogezea kigoda, kwa sababu mgeni ni mgeni, akaendelea kupukuchua. Nilimwambia yote: unyoya, zambarau, Ogwedhi, Boke. Nilimwambia najua habari ya Chacha na kwamba sijamwambia mtu. Nikasema, "Nimekosa, Risper. Nisamehe."

Mahindi yaliendelea kuanguka kwenye beseni.

"Ulinisema mbele ya watu," alisema, "halafu msamaha unakuja kuniletea nyuma ya nyumba?"

"Unataka nifanye nini?"

"Rudi Migori. Siku ya soko, watu wakijaa, nitakuja."

Nilipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wale kina mama wanne. Mmoja aliniuliza kama ni harambee. Mwuza mboga nilimwambia nitanunua kikapu kizima akija. Omollo alifunga bucha saa nzima, jambo ambalo halijatokea tena. Walikaa, wengine walisimama mlangoni, na wapita njia waliona watu wakasimama pia. Risper aliingia na gauni la Sabato, ingawa ilikuwa siku ya kawaida, akabaki wima.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yalitoroka. Nikasema, "Mlinisikia hapa nikisema Risper ametuuza. Nilikuwa mwongo. Hakuchukua kitu. Mchoro ulisomwa kutoka mgongoni mwake na mtu aliyeupenda. Mimi nilimtega, nikamsingizia, nikamfukuza, na kumuuliza sikumuuliza. Alikokuwa anakwenda ni mambo yake na si mabaya. Anayetaka kujua zaidi asiniulize mimi."

Mama mmoja akasema polepole, "Sasa hiyo ndiyo kusema."

Risper aliwageukia watu, kisha mimi. "Nimesikia," alisema. "Na hawa wamesikia."

"Utarudi?"

"Hapana, Konso. Nikirudi, nikitoka kwenda msalani utahesabu madonge ya uzi. Hutataka, lakini utahesabu."

Ningependa kuwaambia kwamba nilibisha. Nilimjua anayesema, na nilimjua anayesemwa.

"Nimekuja kuchukua kiti changu," akaongeza.

Ilikuwa kweli, kile kiti cha upande wa dirisha, alichokalia miaka yote tisa, alikinunua yeye. Watu wakapisha. Nilikibeba mimi mwenyewe kichwani mpaka kwenye pikipiki, nikamsaidia mwendeshaji kukifunga kwa kamba ya mpira, na nikakaza fundo mara mbili kwa sababu mafundo ya watu wengine siyaamini. Risper alipanda. Kabla hawajaondoka aliniinamia.

"Wazee wameongea," alisema kwa sauti ya chini. "Ni Jumapili ya mwisho ya mwezi, Ogwedhi. Uende misa ya kwanza, halafu uje. Na usije na nguo nyeusi."

Nilikwenda. Shali zilikuwa nyingi siku ile, zangu, za Boke, na nyingine ambazo sikujua za nani. Mlangoni mwa hema msichana mmoja mwenye daftari la wageni alinisimamisha, akaniuliza mimi ni wa upande gani.

"Wa bibi harusi," nikamwambia, akanionyesha pa kukaa.